Ritifaa Si Pambo

Washairi wenzangu, maandishi yetu yana alama moja tu iliyokabidhiwa kazi ya kutenga sauti, nayo ni ritifaa ya ng'. Hiyo moja nayo imetushinda. Napokea beti kwa simu zenye "ngombe" na "kungaa", na nikiuliza naambiwa msomaji ataelewa. Ng'ombe ataeleweka, sina shaka. Lakini aliyeandika "ngoa ya moyoni mwangu", je, anaamuru kitu king'olewe, au anatusimulia wivu wake? Maana ngoa ni wivu, neno la kale lenye heshima yake katika ushairi.

Wavietinamu wangetushangaa. Lugha yao ina toni sita, na alama ndogo juu au chini ya irabu ndiyo inayotenganisha ma, mzimu, na mà, lakini. Mả, kaburi, na mạ, miche ya mpunga. Hati hiyo ya Kilatini ilianzishwa na wamisionari, na kamusi ya Alexandre de Rhodes ikachapwa Roma mwaka 1651. Linalonigusa zaidi ni bahari yao ya lục bát, mstari wa mizani sita ukifuatwa na wa mizani nane. Silabi ya sita ya mstari wa kwanza hutiwa kina na ya sita ya mstari wa pili, na toni nazo zina mahali pake. Ziondoe alama, na mhakiki hana tena cha kupimia.

Nayasema haya nikiwa Mlowo, ambako Wanyiha huiita lugha yao Ishinyiha, na sokoni Kinyakyusa nacho husikika. Kinyakyusa kina irabu saba. Ndiyo maana wapo wanaokiandika kwa ɨ na ʉ zilizokatwa kistari: mtu ni ʉmʉndʉ. Nimesikia watu, baadhi yao walimu, wakizicheka herufi hizo na kutaka Kinyakyusa kiandikwe "kama Kiswahili". Napinga. Kibaba cha irabu tano hakipimi saba.

Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili chenyewe hakiandiki mkazo, na bado tunaitofautisha barabara ya magari na barabara ya sawasawa; kwamba Mombasa paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, ilhali tahajia ni moja. Kweli. Aliyelelewa na lugha hujaza pengo mwenyewe. Ila mjukuu anayenakili nyimbo za bibi yake kwa tahajia ya Kiswahili hajaziandikia nafsi yake peke yake. Atakayezisoma baadaye, Kiswahili kikiwa ndicho lugha yake ya kwanza, atazisoma kwa kinywa cha Kiswahili, na bibi hatakuwapo wa kumsahihisha.

Ule ubeti wa "ngoa" nimemrudishia mwenyewe. Nasubiri aniambie ni ipi.