Redio Haimtafuti Chui

Waulize wageni wengi wanaoingia Serengeti au Maasai Mara dereva bora ni yupi. Watakwambia ni yule ambaye redio yake ya upepo hainyamazi, na simba akitangazwa yeye anafika wa kwanza. Imani hiyo ni potofu, na wanyama wanailipia.

Redio inakupeleka kwa mnyama aliyekwisha kuonwa na wengine. Mara nyingi ni simba aliyelala, maana simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, naye kazungukwa na magari. Njiani umempita mondo akinyemelea panya kwenye majani marefu, na bweha masikio mlangoni mwa shimo lake. Hao hawatangazwi.

Chui wa Seronera, huko Serengeti, hapatikani kwa mbio. Kukipambazuka, zima injini kando ya mto, penye migunga na miegea, usikilize. Tumbili ana mlio wa kuonya kuhusu chui, ambao si ule wa tai wala wa nyoka. Watafiti waliuthibitisha Amboseli na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Swala pala wakikoroma huku wote wamekazia macho upande mmoja, nawe tazama huko huko. Twiga aliyeacha kutafuna ghafla kaona kitu. Kisha pitia matawi ya ulalo, moja baada ya jingine, ukitafuta mkia unaoning'inia. Pengine utakaa saa nzima. Kaa.

Anayeumia zaidi kwa haraka yetu ni duma. Yeye huwinda mchana, saa zile zile tulizomo barabarani, na magari yakimzonga mawindo hutoroka. Utafiti wa Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba penye watalii wengi, jike hufanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao. Penye watalii wachache, 2.3. Nani aliyesoma tarakimu hizo atamwambia tena dereva asogee kidogo apate picha? Kanuni ya Mara ni magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, umbali wa mita 25. Inavunjwa mchana kweupe.

Madereva hujitetea kwamba wageni ndio wanaodai. Ni kweli, dereva asiyeonyesha simba hurudi bila bakshishi, kwa hiyo lawama yangu ya kwanza ni kwa mgeni. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, mwambie dereva wako kwamba bakshishi yake haitapimwa kwa idadi ya simba, na kwamba mkikuta magari matano tayari, mtapita.