Hatifungani ya mfanyabiashara wa Bwera isilale daftarini

Mfanyabiashara anayevusha maharage, vitenge au samaki wakavu kutoka Bwera kwenda Kasindi anajua kwamba mtaji ndio roho ya biashara. Shehena ikipatikana kwa bei nzuri asubuhi, huipata mwenye fedha mkononi. Asiye nazo hukimbilia benki mjini Kasese, na huko swali la kwanza huwa moja: hati ya ardhi iko wapi?

Wengi hawana. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini nchini Uganda inamilikiwa kimila, bila hati. Kwa akina mama, ambao ndio wengi katika biashara ndogo za mpakani, hali ni ngumu zaidi, kwani hata shamba wanalolima mara nyingi halina jina lao.

Hata hivyo, ipo mali ambayo haihitaji shamba. Benki Kuu ya Uganda huuza kwa niaba ya serikali hati za hazina za siku 91, 182 na 364, pamoja na hatifungani za kuanzia miaka miwili ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Mwananchi anaweza kuanza na Sh100,000 za Uganda. Hufungua akaunti ya dhamana kupitia benki yake ya kawaida, na jina lake huandikwa katika daftari la kielektroniki la Benki Kuu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hatifungani hizi si karatasi ya kufungia sandukuni. Taarifa ambayo mwekezaji hupewa na benki ni ushahidi tu wa kilichoandikwa. Mali yenyewe imo daftarini. Kwa hiyo haihami kwa kukabidhiana karatasi. Huhama pale mwenye akaunti anapoiagiza benki yake, na Benki Kuu ikaondoa jina lake na kuandika la mwingine. Anayelipa fedha taslimu na kupewa makubaliano yaliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili sokoni hajanunua hatifungani. Alichopata ni haki ya kumdai aliyemuuzia, basi.

Rehani nayo ni vivyo hivyo. Benki inayokopesha haishiki chochote hadi daftari lionyeshe kwamba hatifungani hiyo imefungwa kwa ajili yake. Ikishafungwa, mwenyewe hawezi kuiuza wala kuiweka rehani mahali pengine mpaka deni liishe na mkopeshaji aifungue. Kufuli hilo humlinda mkopeshaji. Humlinda na mkopaji pia, kwa sababu mkopeshaji wa mtaani anayeng'ang'ania nakala ya taarifa na kadi ya benki hana rehani yoyote inayotambulika.

Faida yake si ndogo. Chukua mfano wa mama mwenye hatifungani ya Sh10 milioni ambayo bado ina miaka mitatu kuiva. Akihitaji mtaji wa msimu mmoja, anaweza kuiuza kabla ya wakati. Lakini ikiwa riba sokoni imepanda tangu aliponunua, bei yake itakuwa imeshuka na atauza kwa hasara. Akiiweka rehani, atakopa kiasi kilicho chini ya thamani yake, atanunua mzigo, atalipa deni, na hatifungani itabaki yake. Benki nayo inashika dhamana isiyo na mgogoro wa mipaka wala mwanafamilia wa kuipinga.

Kama ni hivyo, kwa nini benki bado zinadai hati ya ardhi? Kwa sababu kanuni hizi zinajulikana Kampala na hazijafika Mpondwe. Mfanyabiashara aliyefunga duka siku nzima kufuata saini hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Benki Kuu na benki za biashara ziweke muda maalumu, unaohesabika kwa siku, wa kuandika rehani na wa kuifuta deni linapolipwa. Maombi yapokelewe na kukamilishwa katika matawi ya Kasese na Bwera. Fomu na maelezo yapatikane kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, ambacho marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina deni. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi mitaji kuvuka mipaka kama bidhaa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022, na tangu hapo Mpondwe ni mlango kati ya nchi mbili wanachama. Hata hivyo, kila benki kuu ina daftari lake. Mwenye hatifungani ya Uganda anayetaka kununua mzigo Mombasa au Beni hana njia nyepesi ya kuifanya iaminike kwa mkopeshaji wa huko. Benki kuu zikubaliane kutambua na kuandika rehani kwa niaba ya wakopeshaji wa nchi nyingine wanachama. Kenya ilionyesha mwaka 2017, kupitia M-Akiba, kwamba hatifungani inaweza kuuzwa kwa simu kuanzia Sh3,000 za nchi hiyo. Kama kununua kunawezekana kwa simu, kuweka rehani hakupaswi kuhitaji safari ya kwenda mji mkuu.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Wasitie saini makubaliano ya hatifungani nje ya benki. Kabla ya kukopa, waulize riba ya kila miezi sita itakwenda kwa nani wakati wa rehani. Wakimaliza deni, wadai uthibitisho wa maandishi kwamba kufuli limeondolewa. Na familia zijue akaunti hiyo ipo, kwa sababu mwenyewe akifariki warithi watahitaji amri ya mahakama ya kusimamia mirathi kabla jina halijabadilishwa.

Serikali hukopa kwa mwananchi wa Bwera kwa masharti yaliyo wazi na kwa tarehe isiyoyumba. Mwananchi huyo naye anastahili kukopa kwa kutumia deni hilohilo, kwa masharti yaliyo wazi vilevile.