Umerudi Durban? Usiidharau homa

Ndugu zetu, wapo kati yetu wanaokimbia kibaridi cha Juni na Julai kwenda Dar, Mombasa au Uvira, kisha wanarudi Durban kuendelea na kazi. Ushauri wetu ni huu: homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, ihesabu kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Mjini Durban mbu hawaambukizi malaria, hivyo daktari anaweza kudhani ni mafua tu. Mwambie mwenyewe ulikotoka. Usijidai umeizoea tangu utotoni. Kinga hupungua ukikaa mbali, na watoto waliozaliwa hapa hawana kabisa. Usimeze Panadol ukalala. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, maana malaria kali huua kwa siku chache.