Tuulize Hata Siku za Furaha

Mtu aliyefiwa akilia juma zima, tusimwite mgonjwa mara moja. Ugonjwa wa huzuni tunaujua kwa hesabu ya siku: karibu kila siku, mchana kutwa, kwa majuma 2 au zaidi, moyo umelemewa au haupendezwi na kitu, tena usingizi umeharibika, mwili umechoka, hata anawaza kufa. Kipimo cha damu hakiuonyeshi. Damu tunaipima ili tujue kama ni upungufu wa damu tu, au ugonjwa wa tezi ya shingo.

Lakini sisi wauguzi, naona, tunakosa kwa kuuliza huzuni peke yake. Mimi nilikosa hivyo. Mama mmoja alilia mbele yangu, akapewa dawa ya huzuni kwa neno langu. Baadaye halali, anaimba usiku kucha, anagawa vyombo vya nyumba. Majirani wakasema pepo. Kumbe ni ugonjwa wa pande mbili, na dawa ile ikitolewa peke yake inaweza kuamsha upande wa pili. Dada yake aliniambia, “Hata mwaka jana alikuwa hivi, juma zima. Hamkutuuliza.”