Bukavu: Fundi wa video ajue kwanza klavie yake, filta zitafuata

Katika kota ya Nyalukemba, komine ya Ibanda, kazi ya video haikosi wateja. Kuna harusi za Jumamosi zinazopigwa picha kando ya Ziwa Kivu, nyimbo za wasanii, kwaya za makanisa na ripoti za mashirika. Lakini vijana wengi wanaoifanya kazi hiyo hawana studio kubwa. Wana mashine moja, betri moja na umeme usiojulikana utarudi saa ngapi. Kwao, jambo linaloonekana dogo, yaani kutumia vitufe vya mkato vya klavie wakati wa kurekebisha rangi, ile kazi inayoitwa etalonaje, ni suala la mkate wa kila siku.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme filamu ya harusi ina vipande 300. Kila kipande kikihitaji safari 5 za suri hadi kwenye menyu, na kila safari ikichukua sekunde 3, zinaisha sekunde 4,500. Hiyo ni saa moja na dakika 15 za kusogeza mshale tu, kabla fundi hajaamua lolote kuhusu rangi yenyewe. Mahali penye umeme mchana na usiku, huo ni uzembe unaovumilika. Bukavu, ni karibu uhai wote wa betri iliyochoka.

Mji huu unategemea umeme wa mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I cha mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II kilichoanza kazi 1989, ambacho Kongo inakigawana na Rwanda na Burundi. Delestaje imekuwa sehemu ya maisha. Jenereta nayo inakunywa mafuta ambayo mteja hakuyahesabu katika bei. Na tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, mteja mwenyewe anafikiri mara mbili kabla ya kutoa dola yake. Fundi anayechelewesha kazi wiki tatu hawezi kudai bei nzuri, hata kama sababu ni SNEL.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili haiuzwi. Programu ya DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, ina toleo la bure ambalo linafanya kazi hata bila intaneti. Ndani yake, kwenye mashine ya Windows, Alt na S huongeza nodi mpya, yaani hatua mpya ya kurekebisha rangi. Ctrl na D huzima na kuwasha nodi iliyochaguliwa, ili jicho lilinganishe kabla na baada. Alama ya = huleta rangi za kipande kilichotangulia. Ctrl, Alt na G huhifadhi picha ya mfano ya kulinganishia vipande vingine. Kwa fundi wa harusi, vitufe hivyo vinne, pamoja na Ctrl na Z ya kurudi nyuma na Ctrl na S ya kuhifadhi, vinabeba sehemu kubwa ya kazi. Mkono ukizizoea, macho yanabaki kwenye picha.

Kwa nini basi wengi bado wanatembeza suri? Wengine wanaona uvivu kujifunza, ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mafunzo ya video kwenye simu hayaitaji: mengi yametengenezwa na watu wenye klavie ya QWERTY, wakati mashine nyingi za Bukavu zina AZERTY. Kijana anayefuata mikono ya mwalimu wa Marekani anatafuta Z mahali ambapo kwake pana W, na A mahali ambapo kwake pana Q. Kwenye AZERTY ya Ufaransa, namba zinahitaji Shift, na kistari kiko kwenye kitufe cha 6. AZERTY ya Ubelgiji nayo ina mpangilio wake wa alama. Njia za mkato zinazotegemea namba na alama zinaweza kugoma, naye akadhani programu imeharibika au kwamba kazi hii si ya watu kama yeye.

Hakuna kilichoharibika. Ctrl, Alt na K hufungua ukurasa ambamo kila kitufe kinaweza kupewa kazi mpya. Mpangilio huo unahifadhiwa kama faili, unawekwa kwenye flashi na kupelekwa kwenye mashine nyingine. Kwa vijana watatu wanaopokezana mashine moja, faili hiyo ndogo ina faida kuliko mabishano ya nani amebadilisha nini.

Wapo watakaosema kwamba haraka haifanyi fundi, na kwamba rangi inahitaji jicho. Wana haki. Kitufe cha = kinaweza kueneza kosa kwa sekunde moja: bwana harusi aliyesimama juani akapewa rangi za bibi harusi aliyekuwa chini ya mti. Lakini hoja hiyo inaunga mkono klavie. Fundi aliyebanwa na muda ndiye anayekimbilia filta iliyo tayari na kuimwaga juu ya filamu nzima. Matokeo yanaonekana mara nyingi: gauni jeupe linang'aa, maji ya ziwa yamekuwa ya buluu kama ya kadi ya posta, na nyuso za wazazi zimekuwa za kijivu au za machungwa.

Ubaya huo una historia. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, kampuni ya Kodak ilipimia rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Filta iliyotengenezwa mbali, kwa nyuso nyingine na mwanga mwingine, haijui ngozi ya mama wa Bukavu aliyevaa kitenge chini ya taa za ukumbi. Anayeijua ni fundi wa hapa, ikiwa amebakiwa na muda wa kuitazama. Dakika 75 zilizookolewa kwenye suri zina kazi hiyo.

Kwa hiyo vituo vinavyofundisha video Bukavu vinapaswa kuanza na klavie, wiki ya kwanza, kwenye AZERTY ambayo mwanafunzi ataikuta kazini. Wakubwa wa studio wabandike ukutani karatasi moja ya vitufe kumi, kwa Kiswahili. Na kijana anayejifunza peke yake achukue vitufe viwili kila wiki, avitumie hadi vidole vijue njia bila kuuliza, ndipo aongeze vingine. Hakuna kati ya hayo linaloomba msaada wa nje wala mashine mpya. Familia iliyolipa inangoja kuona sura za watu wake kama zilivyokuwa siku ile, na SNEL haitamsubiri fundi amalize kutafuta menyu.