Maji yetu hayabebi tope peke yake

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako. Ila umeyaeleza maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi kana kwamba yanabeba udongo tu. Huku kwetu Kasese, Uganda, yanabeba na shaba. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimamisha uchimbaji mwaka 1982, lakini mabaki yake ya mawe bado yamelala bondeni, karibu kabisa na Mto Nyamwamba. Mawe yale yana salfa. Yakikutana na hewa na mvua hutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha shaba na kobalti. Maji hayo huteremka hadi Hifadhi ya Malkia Elizabeth na Ziwa George, ziwa ambalo wavuvi wetu wanalitegemea. Ndani ya hifadhi kuna ukanda ambamo nyasi zimekataa kuota. Mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulizoa nyumba, madaraja na sehemu ya mabaki hayo.

Kwa mafuriko hayo, tusisingizie mvua peke yake. Mlima uliolimwa bila matuta hauwezi kushika maji, na hilo linatuhusu sisi wakulima wa Hima kama linavyowahusu wenzetu wa Bwera, wilayani humu. Serikali iyahamishe mabaki ya mgodi kutoka ukingoni mwa mto, maana hilo mkulima haliwezi. Sisi wenye mashamba ya mteremko tuchimbe makinga maji na kupanda mabingobingo kingoni mwake. Ndugu zangu, tuanze kabla mvua za Machi hazijafika.