Gokati Imenifunza: Kuuliza Si Ujinga

Natumaini mitihani haijawamaliza, na baridi imewaachia vidole vya kufungulia gazeti. Leo siandiki siasa za nyumbani wala habari za viza. Nataka tuongee kuhusu gokati, vile vigari vidogo vya mashindano vinavyokaa chini utadhani vimekatwa miguu. Msicheke, tafadhali. Mkivumilia mtaona nina shida gani.

Jumamosi moja mimi wa Dar, dada mmoja wa Kampala na jamaa wa Goma tulipanda Viva ya bluu pale Finch, tukaipandisha Yonge Street mpaka Richmond Hill. Huko anakaa rafiki yetu Mkenya, kwa shangazi yake. Yeye ndiye aliyekuwa na gari, na yeye ndiye aliyetoa wazo. Akatuendesha hadi kwenye ukumbi mmoja wa gokati wa upande ule wa kaskazini ya Toronto, na njia nzima hakufunga mdomo. Eti yeye mtu wa Naivasha, Safari Rally inapita mlangoni kwao. Akatuhesabia Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, akatuhesabia Shekhar Mehta na ushindi wake mara tano. Dada wa Kampala akamkumbusha kwa upole kwamba Mehta alizaliwa Uganda. Jamaa wa Goma naye akasema amekua juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoteremka na magunia ya viazi, kwa hiyo kigari cha umeme hakimtishi. Mimi nikajitapa na magari ya beringi tuliyounda utotoni, mbao nne na kamba ya kugeuzia, tukajiachia kwenye mteremko mpaka magoti yakachubuka.

Na kusema kweli, hilo la beringi halikuwa mbali sana na historia. Gokati ya kwanza iliundwa California mwaka 1956 na fundi aitwaye Art Ingels, akaifungia injini ya mashine ya kukatia majani. Wazo ni lilelile la watoto wa uswahilini, yeye kaongeza injini tu.

Haya, tukafika, tukasaini fomu, tukapewa helmeti. Mfanyakazi akauliza: nani hapa ni mara yake ya kwanza?

Jamani, mkono mmoja tu uliinuka, wa dada wa Kampala. Sisi wanaume watatu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukalia kitu kile, tukaanza kukaza kamba za helmeti na kutazama dari. Yule kijana akamchukua dada pembeni, akamwelekeza kama dakika tano hivi. Sisi tukajifanya tunamsubiri.

Taa ikawaka kijani. Mkenya alikanyaga mafuta kama anakimbizwa na vumbi la Naivasha, kona ya kwanza akaenda kukumbatia ukuta wa plastiki. Jamaa wa Goma akamgonga kwa nyuma. Mimi nikaona nafasi ya kuwapita wote wawili, nikaingia konani na miguu yote miwili imekanyaga, huu breki, huu mafuta. Kigari kikazunguka, nikajikuta nawatazama uso kwa uso wanaokuja. Bendera ya njano ikapeperushwa, na wenye ukumbi wakapunguza mwendo wa magari yote kwa rimoti. Watu wote wakatambaa kwa ajili yangu. Hiyo aibu, acheni tu.

Dada wa Kampala mizunguko miwili ya mwanzo alikwenda polepole, tukamwonea huruma. Wa tatu akanipita. Wa tano akanipita tena. Majina yalipotokea kwenye ubao, katika sisi wanne mzunguko wenye kasi kuliko yote ulikuwa wake.

Kwenye gari tukamwuliza siri ni nini. Akasema: nimeambiwa, kwani ninyi hamkuambiwa? Breki unamaliza kukanyaga wakati bado umenyooka, kabla ya kona, halafu unaiachia na kugeuka. Hukanyagi breki na mafuta kwa pamoja. Macho unayatanguliza kule unakotaka kutokea, huyabandiki kwenye bampa ya aliye mbele. Tena akaeleza kwamba ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kigari kinakataa kona mpaka uzito uhamie upande wa nje na gurudumu la ndani lipate wepesi. Ukikilazimisha kwa nguvu kinateleza. Ukikiingiza kwa utulivu kinageuka chenyewe.

Dakika tano za maelezo. Nasi tulizikataa kwa sababu ya kuinua mkono tu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, ndugu zangu, maana mkono ule tumeushusha sehemu nyingi kuliko ukumbi wa gokati. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilifeli somo la takwimu. Akili ilikuwepo, ila wiki ya tatu niliachwa njiani, na muhula mzima sikugonga mlango wa mwalimu hata siku moja, ingawa saa zake za kuonana na wanafunzi zilikuwa zimebandikwa wazi. Ningemwambia nini? Mtoto aliyeagwa kwa sherehe, aliyechinjiwa mbuzi, aseme hajaelewa? Simu ikipigwa kutoka nyumbani nilijibu mambo safi. Somo nililirudia kwa karo ya mwanafunzi wa kigeni, na mnajua wenyewe karo yetu ilivyo mara kadhaa ya ile ya wenyeji. Pesa ile ilitoka kwenye maboksi niliyobeba usiku, na nyingine ilitoka kwa mtu ambaye mpaka leo hajui ilikwenda wapi.

Najua siko peke yangu. Kwetu sisi anayekuja ughaibuni huwa tayari ameshaitwa bingwa, na bingwa haulizi. Lakini nchi hii yenyewe haituiti bingwa. Uwe umeendesha Kariakoo miaka kumi bila kukwaruza mtu, Ontario utaanza na mtihani wa maandishi wa leseni kama mtoto wa miaka 16. Hata Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, alianza kwenye gokati akiwa na miaka 8, na bila shaka kuna mtu alimwonyesha breki iko wapi.

Wapo watakaosema: kaka, watu nyumbani wanadaiwa ada, wewe unachoma dola ishirini na kitu kwa dakika chache za kuzungukazunguka? Hoja hiyo naipokea, na sisemi mwende kila wiki. Sisemi hata lazima iwe gokati. Viwanja vya barafu vya jiji la Toronto, kama pale Nathan Phillips Square, kuteleza ni bure ukiwa na viatu vyako. Nenda ukaanguke mbele ya watoto wa chekechea. Ninachotaka ni tuizoee ile hali ya kuwa wa mwisho kujua na tusife kwa hiyo.

Kwa chama chetu nina ombi moja. Kwenye karamu ya kuwapokea wageni mwezi wa tisa, tupunguze hotuba za mafanikio. Kila mwenyeji asimame aseme kitu kimoja alichofeli hapa na nani alimsaidia. Mimi nitaanza na takwimu. Mgeni akitoka pale awe na majina matatu ya watu anaoweza kuwauliza bila kuona haya.

Mkenya wetu anataka turudi tena. Mbavu bado zinamuuma, lakini safari hii, anasema, mkono atainua wa kwanza. Nasi tutauinua naye.

Tukutane toleo lijalo, na someni kwa bidii.